Faraja ya Mstari Mmoja

Mei 2024, habari za Joshua Cheruiyot Kirui zilipoingia, simu yangu ilizungumza kwa sauti mbili. Mkenya huyo, mfanyakazi wa benki na mpanda milima, alikuwa akijaribu kufika kilele cha Everest, mita 8,849 juu ya usawa wa bahari, bila kutumia oksijeni ya mtungi. Mawasiliano naye na mwongozaji wake, Nawang Sherpa, yakakatika wakiwa karibu na kilele. Kesho yake mwili wa Kirui ukaonekana, si mbali chini ya kilele. Nawang hakuonekana.

Kundi la ukoo wetu, ambalo makao yake makuu ni Tanga ingawa wanachama wametapakaa hadi Muscat, liliuliza swali moja kwa namna nyingi: mtoto wa watu alikuwa anatafuta nini huko? Shangazi akaongeza kwamba hata mbuzi hapandi pasipo na majani. Kundi la madereva wenzangu wa mabasi hapa Sheffield lilikuwa na jibu tayari: angalau amekufa akifanya alichokipenda.

Jibu hilo nimeishi nalo tangu nihamie mji huu. Sheffield imepakana na Peak District, na Jumamosi utawaona vijana na wazee, kamba begani, wakielekea kwenye majabali ya Stanage. Mara mojamoja mmoja haendi akarudi. Mwaka ambao rafiki wa dereva mwenzetu alianguka, kadi ya rambirambi ilizungushwa kwenye chumba chetu cha chai, imefichwa ndani ya bahasha kubwa ya kahawia ili mfiwa asiione kabla ya wakati. Ilipofika kwangu ilikuwa imejaa, watu wameandika hadi pembezoni kwa kuizungusha, na maneno yalikuwa yaleyale kwa miandiko tofauti, mmoja kwa wino wa kijani. Nilitia jina langu, nikaongeza kwamba akipata nafasi anieleze ilivyokuwa. Aliporudi kazini alinieleza. Alianza na kifungua kinywa walichokula asubuhi ile, akaja kwenye mvua iliyokuwa imenyesha usiku, akaja kwenye kamba. Alieleza mpaka msimamizi wa zamu akaja kugonga kioo cha basi.

Huko kwetu msiba una muda wake. Siku tatu za matanga mkeka umetandikwa, na kila anayeingia, hata kama amesikia yote njiani, huuliza: ilikuwaje? Mjane huanza upya. Aliamka salama, akanywa uji, akasema kichwa kinamgonga. Siku ya kwanza akifika kwenye uji analia. Siku ya tatu anaupita uji, analia kwingine. Watu wazima wanajua kwamba swali lile si umbeya, ingawa umbeya nao haukosi mkekani. Ni kazi inayofanywa kwa zamu, kumsaidia mfiwa abebe habari yake hadi aizoee uzito.

Hapa Uingereza maziko huchukua wiki mbili, wakati mwingine zaidi, na siku yenyewe ikifika ukumbi wa kuchomea maiti hupatikana kwa nusu saa hivi. Mkitoka kwa mlango wa ubavuni mnaiona familia nyingine inasubiri kwenye mlango wa mbele. Anayetakiwa kumliwaza mwenzake baina ya zamu mbili anahitaji maneno yanayotosha kwenye kadi. Kwa hiyo siwaoni wenyeji wangu kuwa ni watu wa roho baridi, kama baadhi yetu tunavyopenda kusema tukikutana kwenye pilau. Wamebanwa na saa, wakatengeneza faraja inayolingana na saa waliyonayo. Shida yangu ni kwamba faraja hiyo ikishatamkwa, hakuna anayeuliza tena ilikuwaje.

Nitaitendea haki, kuna mahali imefaa. Alison Hargreaves alizaliwa Derbyshire, mkoa jirani na sisi. Mei 1995 alifika kilele cha Everest bila oksijeni ya mtungi na bila wapagazi wa kumsaidia, na Agosti mwaka huohuo akafariki akishuka K2. Aliacha mtoto wa kiume wa miaka sita na wa kike wa miaka minne. Kelele zilikuwa nyingi: mama gani huyu? Wanaume wenye watoto walikuwa wakifa milimani miaka yote na hakuna aliyewauliza walimwachia nani malezi. Kwenye ugomvi ule, kusema kwamba alikufa kwenye kazi aliyoipenda kulikuwa ngao, na mimi ningeishika. Lakini yule mtoto wa kiume, Tom Ballard, naye akawa mpanda milima, naye akafia Nanga Parbat mwaka 2019 akiwa na miaka 30. Hapo ulimi wangu unakwama. Kumwambia binti aliyebaki maneno yaleyale mara ya pili, kwanza kuhusu mama, kisha kuhusu kaka, mimi siwezi.

Wanaoyapa maneno haya nguvu zaidi ni wasanii. Usiku wa kuamkia Jumapili ya tarehe 24 Aprili 2016, mwanamuziki Mkongo Papa Wemba alianguka jukwaani Abidjan, kwenye tamasha la FEMUA, akafariki akiwa na miaka 66. Hapa Ulaya, Wakongo wa Paris na Brussels walimlilia kama mtu wa mtaa wao, na kweli alikuwa wa kwao na wa Kinshasa kwa wakati mmoja. Amefia jukwaani, walisema, angetaka nini zaidi? Nami nimeitazama ile video kupita inavyostahili. Wachezaji wake wako mbele, yeye yuko nyuma yao. Anakwenda chini. Wao wanaendelea kucheza, kwa kuwa wamempa mgongo, na ngoma nayo haijasimama. Ni sekunde chache tu. Lakini katika sekunde hizo, mbele ya umati mkubwa, mtu aliyekuwa akitazamwa maisha yake yote ameanguka na walio karibu naye kuliko wote ndio wasiomwona. Sisemi kwamba kitandani kungekuwa bora. Nasema tu kwamba wanaokieleza kifo kile kama sherehe hawakuangalia nyuma ya wachezaji.

Miriam Makeba ndiye ananipa kazi zaidi. Mwaka 1960, akiwa Marekani, alitaka kurudi Afrika Kusini kumzika mama yake, akakuta serikali ya makaburu imefuta pasipoti yake. Akakaa nje miaka ipatayo 30. Katika miaka hiyo aliimba Malaika hadi watu wa mabara mengine wakadhani Kiswahili ni lugha yake ya kuzaliwa. Alirudi kwao mwaka 1990. Kisha Novemba 2008, akiwa na miaka 76, alikwenda Castel Volturno, mji mdogo karibu na Naples, kuimba kwenye onyesho la kumuunga mkono mwandishi Roberto Saviano, aliyetishiwa maisha na mafia wa eneo lile. Miezi miwili kabla, wahamiaji sita wa Kiafrika walikuwa wameuawa kwa risasi katika mji huohuo. Makeba aliimba, akaimba Pata Pata, akatoka jukwaani, na moyo ukasimama. Mandela alisema ilistahili kwamba dakika zake za mwisho zilikuwa jukwaani.

Nakubaliana na Mzee Mandela, ila si kwa sababu ya mapenzi. Makeba alipenda kuimba pia katika kumbi zenye mazulia, na angefia huko ningesema masikini, basi. Usiku ule alikuwa mgeni wa zamani anayewaimbia wageni wa sasa, katika mji uliowaua wenzao, na alijua yuko pale kwa ajili ya nini. Lakini sisi tunaoishi na pasipoti mbili droo moja tunaona na upande mwingine. Mwanamke aliyenyimwa kumzika mama yake alikata roho kwenye hospitali ya ugenini, mbali na Johannesburg. Kufia jukwaani ni fahari. Kufia Italia ni jambo jingine, na fahari ya kwanza hailifuti la pili.

Mjomba wangu alifia baraza la Ngamiani, Tanga, akicheza bao. Kete zilikuwa mkononi, mchezo uko kwenye mtaji, akainama kama anayehesabu mashimo na hakuinuka. Kama kuna kifo kinachofaa kuandikwa kwenye kadi ya wino wa kijani, ni kile. Mwenzake aliyekuwa akicheza naye alimwapia kila aliyefika matangani kwamba mchezo ule ulikuwa wake, mjomba alikuwa ameshafungwa, na watu walicheka palepale mkekani. Mauti mepesi, wazee walisema, na baadhi yao ungedhani wanamwonea wivu.

Mama yangu, dada yake, hakucheka. Alichokishikilia ni kwamba kaka yake hakuaga. Kabla jeneza halijatoka, mdogo wa marehemu alisimama kama ilivyo ada na kutangaza: anayemdai ndugu yetu, au aliyekuwa na lolote naye, ajitokeze. Akajitokeza mtu ambaye hakuna aliyemfahamu, na karatasi ya kiwanja. Nilikuwa Sheffield, nasikiliza kwa simu iliyolazwa mkekani spika ikiwa juu, na hata kwa mtandao ule wa kukatikakatika nilisikia kimya kilichofuata. Kesi ya kiwanja kile iliishi muda mrefu kuliko matanga. Ndiyo maana wazee wetu wengi wanakiogopa kifo cha ghafla hata kikiwa kitamu: hakina wasia, hakina kusameheana, hakina mtu wa kukutilia maji mdomoni na kukutamkisha shahada. Mtu anayeugua wiki mbili kwetu huonekana amepata nafasi. Huku ningesema hivyo wangenitazama vibaya.

Lakini tusijifanye hatuna yetu. Akifia Hija, Mwislamu wa pwani hupongezwa karibu kama aliyeshinda jambo. Tunayo hadithi ya yule aliyeanguka kutoka kwenye ngamia wake akiwa kwenye ihramu, Mtume akaagiza akafiniwe kwa nguo zake zilezile, kwani atafufuliwa siku ya Kiyama akiitikia talbiya. Faraja hiyo imebeba kitu, kwa kuwa inasema marehemu anakwenda wapi. Hija ya Juni 2024, kwa joto lililopita nyuzi 50 Makka, mamlaka za Saudia zilitangaza vifo 1,301, wengi wao mahujaji wasio na vibali, waliotembea juani bila hema la kupumzikia. Familia zilisema Alhamdulillahi, wamefia mahali patukufu. Wakati huohuo serikali ya Misri ilizifutia leseni kampuni 16 za utalii. Yote mawili yalifanyika, na hakuna aliyeona kwamba la pili linapunguza utukufu wa la kwanza. Hicho ndicho ninachokikosa kwenye chumba chetu cha chai, pale maneno ya kadi yanapotumika kumwachia aliyefunga kamba vibaya.

Na Nawang Sherpa? Katika maneno mengi niliyoyasoma wiki ile kuhusu kufa ukifanya unachokipenda, jina lake lilikuja mwishoni, kama lilikuja. Huenda naye aliupenda mlima. Sijaona aliyeuliza. Ninachojua ni kwamba alikuwa kazini, na watu wa Tanga wanamfahamu mtu wa namna hiyo. Kusi likimchukua mvuvi na ngalawa yake hatusemi aliipenda bahari, hata kama aliipenda. Tunasema alikuwa akitafuta riziki, kisha tunauliza watoto ni wangapi na nani atalipa ada. Mlima mmoja, siku moja, mmoja alikwenda kwa mapenzi na mwingine kwa riziki, na faraja ya mstari mmoja ina nafasi ya mmoja tu.

Familia ya Kirui iliamua mwili wake ubaki mlimani ili wengine wasihatarishe maisha kuushusha. Kenya ni nchi ambayo watu huuza ng'ombe ili ndugu arudishwe kuzikwa nyumbani, kwa hiyo uamuzi ule haukuwa mwepesi. Walifikiria wabebaji. Katika habari nzima, hilo ndilo lililonituliza mimi.

Miezi mitatu kabla yake, Februari 2024, Kelvin Kiptum, aliyekuwa akishikilia rekodi ya dunia ya marathoni ya saa 2:00:35, alikufa kwa ajali ya gari karibu na Kaptagat pamoja na kocha wake Mnyarwanda, Gervais Hakizimana. Alikuwa na miaka 24. Hakuna aliyeweza kusema alikufa akikimbia, na sikusikia mwombolezaji hata mmoja aliyepungukiwa na la kusema.

Mimi ninachokipenda ni kijishamba changu cha kukodi, ninapojaribu kila mwaka kuotesha mchicha na kushindwa na konokono. Nikianguka pale, mama mwenye kijishamba jirani ataandika kadi, na najua atakachoandika. Mwacheni, ana moyo mzuri na amenigawia mbolea zaidi ya mara moja. Ila ninyi wa Tanga mpigieni simu. Mwulizeni nilianguka saa ngapi, nani aliita gari la wagonjwa, kama nilisema neno, na asipowaelewa Kiingereza chenu binti yangu atawasaidia. Mwacheni aeleze mpaka achoke. Kisha ulizeni nani ananidai, maana fedha ya mbegu za kitunguu sijamaliza kumrudishia katibu wetu wa vijishamba. Na ufunguo wa geti urudishwe: niliuwekea dhamana ya pauni kumi, na hizo ni haki ya mke wangu.