Baridi Baada ya Waranti

Kwa Watanzania wa rika langu, waranti ya gari ilikuwa habari ya watu wengine. Gari lilishuka bandarini likiwa limeshatumika Japani miaka minane au kumi, ukalipia ushuru, ukalitoa, na tangu siku hiyo ulibaki wewe, fundi wako na Mungu. AC ikichoka hukuwa na wa kumlalamikia. Ulishusha vioo ukaendelea na safari. Mimi nimekulia ndani ya gari lisilojua AC, nikaendesha la mtumba lenye AC ya kubahatisha, na ukubwani nikapata jipya lenye waranti ya maandishi. Karibu yote ninayoyajua leo juu ya baridi ya gari niliyajua baada ya waranti hiyo kwisha.

Baba alikuwa dereva katika shamba la mkonge upande wa Korogwe. Land Rover yake ilikuwa na vifuniko viwili chini ya kioo cha mbele, kila kimoja na mkono wake. Ukiusukuma mkono, kifuniko kinafunguka na upepo unakupiga kifuani. Uliingia na vumbi, panzi, na mvua ikianza ghafla uliingia na maji. Kiangazi baba alifunga leso puani kama mtu anayefagia stoo. Fundi wa shamba hakuwa na cha kutengeneza pale ila mpira wa kuzibia na bawaba zilizoshika kutu. Magari yenye AC tuliyasikia kuwa ni ya wakubwa, wale waliopita barabara kuu vioo vimefungwa, nasi tukiwaonea huruma tukidhani wanakosa hewa.

Mwaka 1984 Serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje bila kuulizwa sana walikozipata, na mlango ukawa umefunguka. Miaka ya tisini mitumba ya Japani ilijaa Dar es Salaam. Yangu ya kwanza niliinunua mwishoni mwa miaka hiyo, pikapu ya kabini moja, na ilikuwa na kitufe cha AC. Nikikibonyeza kinawaka taa, feni inavuma kweli kweli, na hewa inayotoka ni ileile ya nje.

Gari hilo lilikuwa la enzi ya gesi ya R-12. Dunia ilikuwa imeshakubaliana Montreal mwaka 1987 kuipunguza, na baadaye kuiacha kabisa, kwa kuwa klorini iliyomo ilikuwa inakula tabaka la ozoni, na viwanda vya magari vilikuwa vimehamia R-134a. Nchi kama zetu zilipewa muda mrefu zaidi, hadi mwanzoni mwa 2010, lakini sokoni gesi ya zamani ilianza kuwa adimu mapema, na mtungi ulioandikwa R-12 ulikuwa na chochote alichopenda muuzaji. Mafundi wakatafuta njia. Walifunga adapta kwenye nipeli, wakasukuma R-134a ndani ya mfumo wa zamani, na baridi ikarudi. Mteja alilipa akicheka.

Kilichofuata hakikumchekesha mtu. Kompresa hulainishwa na oili inayosafiri pamoja na gesi, ikizunguka mfumo mzima na kurudi. Oili ya mfumo wa R-12 haichanganyiki na R-134a. Inabaki imelala huko kwenye kondensa na mabomba, kompresa inazunguka kavu, na siku moja inashika. Yangu ilishikia Chalinze. Mkanda ulipiga kelele, ukatoa moshi wa mpira, na fundi wa pembeni ya barabara akaukata kwa kisu, akaniambia, "Kaka, sasa nenda, gari litakuwa jepesi hata mlimani." Nikaendesha hivyo hadi nilipoiuza. Madereva wengi wa wakati ule walifanya hivyohivyo, na ukifungua boneti za pikapu za zamani utakuta kompresa nyingi zimekaa bila mkanda.

Pikapu mpya niliipata baada ya biashara yangu ya kuchimba visima kusimama vizuri. Dabo kabini, dizeli, na waranti ya miaka mitatu au kilomita laki moja, kitakachotangulia. Mtu aliyezoea gereji za chini ya mwembe hawezi kusahau siku ya kwanza kwa wakala. Sakafu ya marumaru, chai, gazeti, na ukuta wa kioo ambao kupitia kwake unaliona gari lako limeinuliwa juu, watu waliovaa ovaroli safi wakilizunguka. Kuna mstari wa njano chini, na mteja havuki. Unatia sahihi, unasubiri, unarudishiwa funguo. Ni starehe, sikatai. Ila kwa muda wote ule sikuwahi kujua kilichofanyika upande wa pili wa kioo.

Waranti ikiwa bado hai nilianza kulalamika. Asubuhi AC ilikuwa sawa. Njiani kuelekea Handeni ilikuwa sawa. Lakini saa saba mchana kwenye foleni ya Mandela, kati ya Tazara na Buguruni, ilipuliza hewa ya uvuguvugu kama pumzi ya mtu. Kila niliporipoti, gari liliingizwa ndani, likakaa kivulini, likapimwa, na nikaletewa karatasi yenye alama ya vyema: iko ndani ya kiwango. Mhudumu mmoja, kwa adabu kabisa, alinieleza kuwa jua la Dar ni kali kwa gari lolote.

Waranti ikaisha. Niliporudi na malalamiko yaleyale, ugonjwa ulionekana mara moja. Sasa kompresa ilikuwa dhaifu, kondensa ibadilishwe, na valvu pia, jumla zaidi ya shilingi milioni nne. Nikauliza imekuwaje kitu kilichokuwa ndani ya kiwango kife chote kwa pamoja. Yule yule wa adabu akasema, "Pole, mzee. Ungekuja mwezi uliopita tungekusaidia."

Nilikwenda gereji ya jirani, wakajaza gesi bila kuuliza swali. Nadhani ndiyo huduma inayouzwa zaidi Dar es Salaam msimu wa joto baada ya maji baridi. Mtungi unaletwa, mpira unaunganishwa, injini inawashwa, gesi inaingizwa hadi mteja aseme "hapo hapo". Hakuna anayepima kilichokuwemo wala anayetafuta kilikokwenda. Baridi ilikuja nzuri, kisha ikaondoka taratibu, na wao hawakushangaa. "Jaza tena, bosi."

Fundi aliyenitoa gizani yuko Chang'ombe. Ni mzee kuliko mimi, alianza na friji za mabucha na mashine za barafu za wavuvi kabla ya kugusa gari. Hakufungua boneti kwanza. Aliuliza: inapoa saa ngapi, ukiwa barabarani au umesimama, ukiwa umepakia au mtupu, na wiki hizi umepita porini? Katika miaka yote ya karatasi za alama ya vyema hakuna aliyeniuliza hivyo.

Kisha akamwita kijana wake alete ndoo ya maji. Injini inanguruma gari likiwa limesimama juani, AC imewashwa hadi mwisho, nimekaa kwenye usukani kama nilivyoagizwa. Kijana akamwaga maji polepole mbele ya gari, juu ya kondensa. Haikuchukua muda, hewa usoni mwangu ikageuka kuwa baridi. Maji yalipokauka, uvuguvugu ukarudi. Mzee akainama dirishani. "Umeona, ndugu yangu? Kompresa yako nzima. Inayougua ni pua."

Alinieleza akiwa ameegemea fenda. AC haitengenezi baridi, inahamisha joto. Gesi ikigeuka mvuke ndani ya evaporeta, nyuma ya dashibodi, inanyonya joto la kabini. R-134a huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, kwa hiyo hata hewa ya Desemba ni moto wa kutosha kuichemsha. Kompresa inaibana mpaka iwe ya moto sana, na kondensa iliyoko mbele ya rejeta inalitupa lile joto nje ili gesi irudi kuwa maji. Barabarani upepo wa mwendo unafanya kazi hiyo bure. Kwenye foleni inabaki feni ya injini peke yake, ikivuta hewa kupitia kondensa na rejeta kwa pamoja. Katikati ya hivyo viwili pakiziba, joto halina pa kwenda, linarudi kwako.

Walifungua grili na kipande cha juu cha bampa. Kati ya kondensa na rejeta mlikuwa na shamba: mbegu za nyasi, mabawa ya panzi, udongo mwekundu wa Handeni na wa Kilosa ulioshikana kama plasta. Kwa mbele kondensa ilionekana safi, kwa sababu kila aliyeosha gari alipiga maji mbele. Tena waosha magari wa presha wanalaza yale mapezi membamba ya alumini, na pezi lililolala halipitishi hewa. Kijana alisafisha kutokea ndani kuja nje, kwa maji ya mpira wa kawaida na brashi laini, akinyoosha mapezi yaliyolala kwa kichana kidogo cha chuma. Kazi hiyo ilichukua sehemu kubwa ya siku, na ndiyo iliyokuwa nusu ya ugonjwa.

Nusu ya pili ilikuwa uvujaji. "Gesi si petroli," mzee alisema, "hailiwi. Ikipungua, imetoka." Zamani, alikiri, angefungua valvu na kuiachia hewani, na ndivyo walivyofundishana. Sasa ana mashine ya kuivuta na kuihifadhi. Chini ya boneti kuna karatasi inayotaja kiasi cha gesi kwa gramu. Iliyotoka kwangu ilikuwa pungufu ya nusu, pamoja na kujaziwa kote kule. Wakaingiza naitrojeni kwa presha, wakapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo, na pale bomba linapoingia kwenye kondensa, kwa chini, mapovu yakaanza kuota. Palikuwa na doa la oili lenye vumbi, kubwa tu, ambalo yeyote aliyeinama angeliona.

Wakabadilisha oringi na kichujio cha kukaushia unyevu. Kisha pampu ikavuta hewa yote iliyoingia, karibu saa nzima. Hatua hii gereji za "jaza tena" huiruka, na ina maana yake: unyevu ukibaki unaweza kuganda kwenye valvu na kuziba njia, au ukachanganyika na oili na gesi ukazaa asidi inayokula mfumo kutoka ndani. Mwisho gesi ikaingizwa kwa mizani, gramu kwa gramu, maana kuzidisha nako kunapunguza baridi. Kijana, aliyesomea kazi hii VETA, akachomeka kipimajoto kwenye tundu la dashibodi, tukaenda hadi Tazara na kukaa kwenye foleni kwa makusudi. Tukitembea kilisoma nyuzi 8. Tukisimama kilipanda hadi 12 kikatulia. Nilitoa chini ya laki nne kwa kila kitu.

Siwasemi mawakala wote kwa mmoja, wala sisemi mafundi wa mitaani wote ni kama wa Chang'ombe. Ninachosema ni kwamba kupima gari likiwa kivulini asubuhi na kuandika "ndani ya kiwango" si kupima. Tatizo langu lilikuwapo waranti ikiwa hai, na ndoo moja ya maji ingelionyesha.

Kazi yenyewe inabadilika tena. Ulaya tangu mwaka 2017 gari dogo jipya haliuzwi na R-134a. Gesi hiyo haigusi ozoni, lakini kilo yake moja inapasha dunia joto zaidi ya mara elfu moja ya kilo ya hewa ya ukaa. Tarehe 15 Oktoba 2016, hapa jirani Kigali, nchi za dunia zilikubaliana kuipunguza pamoja na ndugu zake, na kundi letu lilipangiwa kusimamisha ongezeko mwaka 2024 na kushusha matumizi kwa asilimia 80 ifikapo 2045. Inayochukua nafasi, R-1234yf, inaweza kushika moto, ina nipeli zake na bei yake. Magari hayo yataletwa huku kama mitumba, na wa kwanza kuyafungua watakuwa vijana wa mitungi ya "hapo hapo". Adapta tulishazijaribu miaka ya tisini, na tulilipia kwa kompresa. Safari hii vijana hao wapelekwe darasani kabla meli hazijafika.

Nawe mwenye pikapu ambayo waranti yake imebakiza miezi michache, usingoje. Ipeleke saa saba mchana, isimame juani injini ikinguruma, na udai wapime joto la hewa inayotoka na presha zote mbili mbele yako, tarakimu ziandikwe. Wakikwambia iko ndani ya kiwango, waombe wakiandike hicho kiwango, kisha wapige mhuri.