Kompyuta ya Magemu Mwisho wa Reli

Haya, leo tuache siasa kidogo. Vikao vya halmashauri, bei ya mawese, meli isiyojulikana itaondoka lini, hayo nayaandika gazetini wiki nzima. Leo nataka kuzungumzia kompyuta. Tena siyo kompyuta ya kazi. Ni kompyuta ya kuchezea magemu, iliyokamilishwa hapa hapa Ujiji kwa shilingi 750,000, nauli ya mzigo kwenye basi ikiwemo.

Hilo la kuchezea nalisema mapema kwa sababu nimechoka na swali moja. Kila anayeiona anauliza: "Unaifanyia kazi gani?" Ukimjibu unaandikia habari, anatikisa kichwa kwa heshima. Ukimjibu unachezea mpira na magari, anakuangalia kana kwamba umetapanya urithi wa ukoo. Mama yangu mwenyewe aliniuliza, "Mwanangu, nimekusomesha mpaka chuo kikuu ili ukanunue mchezo?" Mama ana haki ya kuuliza. Paa la jikoni linavuja, yeye anajua na mimi najua. Lakini hebu tuulizane taratibu: nani alipitisha sheria kwamba kucheza ni kwa watoto wa Masaki na Oysterbay, na sisi wa huku mwisho wa reli tuwe watu wa kazi tu, hata pale ambapo kazi yenyewe haipo?

Hapo ndipo anapoingia mdogo wangu. Ana miaka 19. Alimaliza kidato cha nne, matokeo yakaja vile yanavyokujaga kwa vijana wengi, na tangu siku hiyo mtaani anaitwa "yule aliyefeli". Asubuhi yuko mwaloni Kibirizi anabeba mizigo ya dagaa na migebuka. Jioni yuko kwenye kibanda cha PlayStation kule Mwanga. Gemu moja shilingi 500. Siku moja tulikaa tukapiga hesabu. Gemu nne kwa siku ni shilingi 2,000. Kwa mwezi 60,000. Kwa mwaka 720,000! Yaani kijana anayeambiwa hana hela alikuwa ananunua mashine nzima kila mwaka, ila anamnunulia mtu mwingine.

Nikamwambia, tuunde yetu. Akacheka. "Kaka, kompyuta haiundwi Kigoma."

Ndugu msomaji, kwenye sentensi hiyo ndipo damu yangu ilipochemka. Haiundwi Kigoma? Mji huu umeunda meli!

Wengi tunaijua MV Liemba kwa macho, lakini tunasahau ilivyofika. Wajerumani waliijenga mwaka 1913 kwenye kiwanda cha Meyer, mji wa Papenburg, wakaiita Graf von Goetzen kwa jina la aliyekuwa gavana wao. Baada ya kuijenga wakaifungua yote, kipande kwa kipande, wakaipakia kwenye makasha yapatayo 5,000. Ikaja kwa meli mpaka Dar es Salaam, ikapanda reli ya kati iliyofika Kigoma mwaka 1914, na sehemu nyingine ikabebwa kwa migongo ya babu zetu ambao hakuna aliyeandika majina yao. Ikaungwa hapa ufukweni, na tarehe 5 Februari 1915 ikashushwa majini. Mwaka uliofuata, Julai 1916, wakaizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi ili isiangukie mikononi mwa adui. Kabla ya kuizamisha walizipaka injini zake grisi nyingi. Mwaka 1924 Waingereza wakaiibua, ikatengenezwa, na mwaka 1927 ikarudi kazini ikiwa na jina la kale la ziwa: Liemba. Mei 2015, miaka mia moja baada ya kushushwa majini, ilikuwa inawabeba wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga kuwaleta Kigoma mjini.

Sisemi haya kuwasifu wakoloni. Waliileta meli ile kwa ajili ya ubabe wao. Ninachosema ni kwamba chombo kile kiliishi karne nzima kwa sababu kilikuja kikiwa vipande, na watu wa hapa walikuwa na bisibisi na spana za kukifungua. Kitu kinachokuja Kigoma kikiwa kimefungwa kabisa, kikifa, kinarudishwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200. Kisipolipiwa nauli kinageuka pambo la sebuleni. Nenda nyumba kumi hapa Ujiji uhesabu televisheni zilizofunikwa vitambaa.

Basi tukaanza. Vipande vipya hatukuvigusa. Bei zake tangu zamani si za mshahara wangu, na mwishoni mwa mwaka 2025 RAM zikapanda zaidi dunia nzima, kwa sababu viwanda vilikimbilia kuhudumia vituo vya data vya akili bandia. Tukaenda kwenye mtumba, kama tunavyofanya kwenye suruali. Na kwenye mtumba kulikuwa na neema. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10, na Windows 11 rasmi haizikubali prosesa nyingi za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane. Kwa hiyo maofisi ya Ulaya yakabaki na kompyuta nzima, zisizo na ugonjwa wowote, zilizoambiwa zimezeeka. Takataka ya mwenzio!

Tulichochagua ni Dell OptiPlex 9020, ile ya mnara mkubwa, yenye prosesa ya Core i5-4590, RAM gigabaiti 8 na hadi diski. Shilingi 260,000. Kwa nini ile ya mnara na siyo ile nyembamba? Kwa sababu nyembamba haipokei kadi ya picha ya kimo cha kawaida. Hili lishike, maana wauzaji wengi hawakwambii.

Kadi ya picha ndiyo roho ya kompyuta ya magemu. Prosesa inafikiri, kadi inachora. Na hapa pana mtego wa umeme. Pawa saplai ya mashine hii ni wati 290 tu, na huwezi kuibadilisha moja kwa moja kwa ya kawaida ya dukani kwa sababu Dell waliweka plagi yao wenyewe kwenye mazabodi. Ile nafasi ya kuchomekea kadi inatoa wati 75, basi. Kwa hiyo unatafuta kadi isiyozidi hapo na isiyodai waya wa ziada. Sisi tulichagua GTX 1050 Ti ya gigabaiti 4, toleo lisilo na waya. Prosesa wati 84, kadi wati 75, jumla 159. Zinazobaki zinazitosha diski, feni na vinginevyo. Hesabu hiyo aliifanya mdogo wangu nyuma ya risiti ya dagaa. Yule aliyefeli.

Kadi ilinunuliwa Kariakoo na rafiki yangu niliyesoma naye Mlimani. Nilimpa sharti moja: usilipe kabla haijajaribiwa. Duniani kuna kadi za zamani zilizobadilishwa programu ya ndani ili zijitambulishe kwa jina la kadi mpya. Kwa macho huwezi kuzijua. Ila ipo programu ya bure inaitwa GPU-Z, ambayo tangu mwaka 2018 inazitambua nyingi za namna hiyo na kuandika wazi kwamba ni bandia. Duka la kwanza, kadi ikachomekwa, programu ikafunguliwa, neno likatokea. Bandia! Muuzaji naye akashangaa, au akajifanya kushangaa, sijui. Duka la tatu ndipo ikapatikana ya kweli, shilingi 170,000.

Vingine: RAM gigabaiti 8 za kuongezea 30,000. SSD ya gigabaiti 256, 60,000. UPS ya mtumba 95,000. Kibodi na mausi 25,000. Nauli ya basi 20,000. Monita ya 90,000 aliilipia mdogo wangu mwenyewe, kwa pesa ya mgongo wake wa Kibirizi. Wiki zote alizokuwa akiichanga hakuonekana kibandani, mpaka wenzake wakadhani anaumwa.

Mzigo ulifika na vumbi la njia nzima. Tukaunga vitu sakafuni, juu ya mkeka, mama akipita na kurudi bila kusema neno. Tukawasha. Feni ikazunguka, monita giza. Taa ya kitufe ikapepesa rangi ya chungwa. Mimi tayari nilikuwa nimeshika simu kumpigia rafiki yangu wa Dar. Mdogo wangu akasema, "Kaka subiri. Imetikisika siku nzima kwenye basi." Akachomoa umeme, akazitoa RAM, akazisugua meno yake kwa kifutio cha penseli, taratibu, akazirudisha moja moja mpaka kila moja ikalia "ka!" Akawasha tena. Jina la Dell likatokea.

Nimekuwa mwandishi wa habari kwa miaka mitatu, nimeona mawaziri wakikata utepe wa kila aina. Sijawahi kuona uso kama ule.

Tukaweka Linux badala ya Windows, kwa sababu ni ya bure na bado inaihudumia mashine ya umri huu. Tangu mwaka 2018 Steam wana kitu kinaitwa Proton, kinachoendesha magemu mengi ya Windows ndani ya Linux. Siyo yote. Baadhi ya magemu ya mtandaoni yanakataa, ujue hilo kabla hujatoa hela. GTA V inacheza vizuri, na yenyewe peke yake ni zaidi ya gigabaiti 70. Kwa bando la simu ungeuza ng'ombe! Tulichofanya ni kuinunua ilipopunguzwa bei, kisha rafiki yangu wa Dar ambaye anayo akatunakilia mafaili kwenye hadi diski akaituma kwa basi. Steam inayatambua, inamalizia kidogo tu. Intaneti ya basi, naiita.

Sasa umeme. Kwa miaka mingi mji wetu uliishi kwa jenereta za dizeli, nje ya gridi ya taifa, na waliokulia hapa wanazijua tabia za umeme kama mtu anavyoijua hali ya hewa ya ziwa. Unakatika, unarudi kwa kishindo, jioni unanyong'onyea. UPS siyo anasa. Haikupi saa za kucheza, inakupa dakika chache za kuzima kistaarabu. Na vumbi letu jekundu linapenda feni kuliko linavyopenda mashati: kila mwezi tunafungua boksi, tunapitisha brashi laini ya rangi. Ubavu wa ile Dell unafunguka bila hata bisibisi.

Je, maisha yamebadilika? Tusidanganyane. Mdogo wangu bado anabeba mizigo Kibirizi. Paa la jikoni bado linavuja, zamu yake inafuata na mama ananikumbusha kila mvua ikinyesha. Lakini kuna jambo limetokea bila kuitwa. Mwalimu mmajirani alileta kompyuta yake isiyowaka, mdogo wangu akaitoa RAM, kifutio, ikawaka. Wiki iliyofuata akaja muuza duka. Malipo ya kwanza yalikuwa samaki wawili, ya pili shilingi 5,000. Mtaani sasa wanamwita fundi, na wanaomwita hivyo ni wale wale.

Wapo watakaosema kwamba sasa kompyuta imehalalishwa, kumbe ni ya kazi! Hapana. Mnanirudisha kule kule. Kijana yule hakujifunza wati na volti kwa sababu ya semina ya ujasiriamali. Alijifunza kwa sababu alitaka kucheza mpira kwenye kioo chake mwenyewe, bila kuhesabiwa dakika. Kucheza ndiko kulikomfanya afungue boksi. Mngempa kompyuta ya kazi, ingefunikwa kitambaa.

Naona radi zimeanza kupiga upande wa Kongo, na mvua ya hapa haibishi hodi mara mbili. Acha nikachomoe waya, na nikamsaidie mama kusogeza sufuria pale jikoni.

Tuonane wiki ijayo.