Kaka Yangu na Shahada Yake

Wahenga walisema kwamba kupotea njia ndiko kujua njia. Methali hii nimeiandika katika insha mara nyingi ili nipate maksi, lakini sikuijua maana yake mpaka siku ile kaka yangu mkubwa alipoteremka garimoshini pale stesheni ya Mpanda, akiwa na begi moja na bahasha ya kaki. Ndani ya bahasha ile mlikuwa na shahada yake ya uhasibu. Leo napenda kuwasimulia wasomaji wa gazeti letu habari za shahada hiyo, kwa kuwa sisi wa kidato cha nne tumekwisha kupewa fomu za kuchagua tahasusi, na wengi wetu tunazijaza kama mtu atiaye sahihi barua asiyoisoma.

Kwetu ni Nsimbo, na baba yangu ni mkulima wa tumbaku. Asiyeijua kazi hiyo na ajue kwamba ni ngumu. Miche hukuzwa kitaluni, huhamishiwa shambani mvua zinapoanza, majani huchumwa kwa mkono, hufungwa katika vijiti, kisha huanikwa ndani ya bani na kukokewa moto usiku na mchana kwa muda wa siku nyingi. Mwenye bani halali. Kwa majani hayo baba alimsomesha kaka tangu alipoanza shule hata akafika chuo kikuu Dar es Salaam, ambako Bodi ya Mikopo nayo ilimkopesha. Baba hakutaka mtoto wake anuke moshi. Alitaka avae tai na kukaa katika kiti kinachozunguka. Kaka hakuulizwa, wala yeye hakusema neno. Kwa kuwa alikuwa hodari wa hesabu, ilidhaniwa kwamba hesabu na uhasibu ni kitu kimoja.

Alipomaliza masomo alipata kazi katika kampuni moja mjini. Alivaa tai, akaletea picha, na baba akaibandika picha ile ukutani karibu na kalenda. Miaka miwili ikapita. Ndipo siku hiyo kaka akarudi, akasema kwamba ameacha kazi kwa hiari yake na anataka kufuga nyuki.

Ama kweli siku ile nyumba yetu ilinyamaza. Kaka alisema, "Shikamoo baba," na baba akaitikia, "Marahaba," lakini baada ya hapo hakusema naye kwa muda wa miezi miwili isipokuwa kwa kumtuma mama. "Mwambie mwanao chakula tayari," angesema, na hali mwana mwenyewe amekaa hatua tatu kutoka pale. Majirani nao hawakukosa la kusema. Wengine walisema amefukuzwa, wengine ameiba, wengine amerogwa. Mimi niliona haya. Nilipoulizwa shuleni kaka yangu anafanya kazi gani, nilijibu, "Ni mhasibu," nikageuza mazungumzo.

Kaka alikwenda kwa baba mdogo, ambaye amefuga nyuki tangu ujana wake kwa mizinga ya magome. Mizinga hiyo ni rahisi kuitengeneza, ila mti uliobanduliwa gome pande zote hufa. Basi kaka akanunua mbao, akachonga mizinga kumi ya kisasa, akaitundika msituni. Mwaka wa kwanza nyegere waliangusha minne na kuivunja. Miwili haikuingia nyuki hata mmoja. Asali yote aliyopata ilijaa ndoo moja tu. Baba alipoiona alicheka kwa mara ya kwanza tangu kaka arudi. "Digrii imezaa ndoo moja," akasema. Sisi sote tulicheka, na kaka naye akacheka, lakini usiku nilimwona amekaa nje peke yake.

Likizo iliyofuata nilimfuata msituni nikamwuliza waziwazi, "Kaka, hujuti?"

Hakunijibu upesi. Alikuwa akikagua masega, akinionyesha yale ambayo nyuki wameyafunika kwa nta. Asali ya namna hiyo imeiva. Ile isiyofunikwa bado ina maji, na ukiichanganya na nyingine huchacha. Kisha akasema, "Mdogo wangu, najuta kitu kimoja. Najuta kwamba sikusema mapema. Nilijua tangu mwaka wa pili chuoni, nikanyamaza kwa kumwogopa baba na kwa kuionea huruma tumbaku yake."

Akaniambia kwamba hakuiacha kazi kwa hasira. Kwanza alijiuliza kama anachokichukia ni uhasibu wenyewe au ni ofisi ile na wakubwa wake. Maana kama ni ofisi, dawa yake ni kutafuta ofisi nyingine. Alipohakikisha kwamba ni kazi yenyewe, alitumia likizo yake nzima kufanya kazi na wafuga nyuki, kuumwa na kubeba ndoo, ili aone kama anaipenda kazi au anapenda mawazo yake tu. Na mwisho aliweka akiba ya chakula cha mwaka mmoja kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi. "Deni la Bodi lipo palepale," akasema. "Halikufutika kwa kuwa nimebadili kazi. Nalilipa kwa asali." Akaongeza kwamba mapato yake bado hayajafikia mshahara wake wa zamani, nisije nikawadanganya wenzangu.

Lakini liko jambo moja ambalo hakulitazamia. Baba mdogo na wenzake walikuwa wakiuza asali kwa ndoo kwa wafanyabiashara wanaokuja na magari, bila kujua ndoo moja imewagharimu kiasi gani. Nta walikuwa wakiitupa. Kaka alifungua daftari akaandika kila kitu: misumari, nauli, siku za kazi, ndoo zilizopatikana kwa kila mzinga. Wazee wale wakaona kwa mara ya kwanza palipo na faida na palipo na hasara, nao wakaanza kuiyeyusha nta na kuiuza. Shahada ile waliyodhani imetupwa ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi msituni.

Jioni moja baba mwenyewe akamwita, safari hii bila kumtuma mama. Alikuwa na karatasi zake za chama cha msingi mkononi. "Mhasibu," akasema, "hebu nitazamie hizi." Walikaa na taa mpaka usiku. Kaka alipiga hesabu ya mbolea, ya vibarua, ya kuni za bani na ya makato ya mkopo, akamwonyesha baba kilichobaki. Baba aliitazama tarakimu ile kwa muda mrefu, kisha akakunja karatasi akaenda kulala. Hakuacha tumbaku, wala kaka hakumwambia aache. Lakini tangu siku ile wanazungumza.

Tukifikiri, mambo haya si mageni kwetu. Reli hii tunayopanda wakati wa likizo ilifikishwa Mpanda mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, lakini reli haikung'olewa. Ikabeba abiria na mazao. Na Mwalimu Julius Nyerere, kule Tabora inakoelekea reli hiyo, alifundisha biolojia na Kiingereza katika shule ya St. Mary's. Alipokwenda Edinburgh mwaka 1949 alianza kwa kozi fupi ya kemia na fizikia, kisha akaingia kitivo cha sanaa, akapata shahada yake mwaka 1952. Aliporudi alifundisha Pugu, na mwaka 1955 akaacha ualimu kwa ajili ya kazi ya TANU. Hata hivyo jina la kazi aliyoiacha ndilo tunalomwitia mpaka leo.

Sasa nafika kwangu mwenyewe. Baada ya kaka, matumaini ya tai yalihamia kwangu. Baba alikwisha kuamua kwamba nitasoma Fizikia, Kemia na Biolojia niwe daktari. Fizikia nimeisoma miaka minne kwa bidii, na kila mtihani hunirudisha palepale. Ninachokipenda ni Historia na Jiografia, na kazi ninayoitaka ni ualimu, kazi ambayo baba huiita kazi ya waliokosa nyingine. Walimu wangu na wanisamehe kwa kuyaandika maneno hayo.

Likizo ya mwezi wa Juni nilimwamkia, nikakaa chini, nikamwambia yote. Sauti ilitetemeka. Nilimwambia kwamba kaka alinyamaza akasema baada ya shahada, nami sitaki kufanya hivyo. Baba hakukasirika kama nilivyoogopa, wala hakufurahi. Alikoka moto kidogo, akasema, "Jaza mwenyewe, kwa mkono wako. Ila siku mambo yakiwa magumu, usije ukaniambia nilikushika mkono."

Nimejaza Historia, Jiografia na Kiswahili. Sijui kama nitafaulu, na maneno ya baba bado yananilemea kuliko mtihani wenyewe. Lakini ninyi wenzangu ambao fomu zenu zingali tupu, nawasihi mzungumze na wazazi wenu sasa, kwa adabu na bila kuficha. Nanyi wazazi wetu mnaosoma gazeti hili, tunajua bei ya ada na jasho mlilolitoa. Tuulizeni tu. Huenda jibu letu likawa ndilo lile mlilolitaka. Na likiwa silo, ni afadhali mlisikie leo kuliko kulisikia stesheni.