Namba Zinapogeuka Sauti

Mwaka 2015, Kenya ilipozima mitambo ya televisheni ya analogia, wananchi walikimbilia ving'amuzi. Watanzania nao waliviita visimbuzi. Kung'amua ni kutambua jambo lililofichika, ilhali kusimbua ni kufumbua simbo. Majina yote mawili yanakieleza vyema kile kisanduku kilichoziwezesha televisheni kuukuu kuendelea kuonyesha picha. Lakini kipo kifaa kingine, nduguye wa karibu, ambacho hakijabahatika kupata jina linalokubalika. Kazi yake ni kupokea namba kutoka kwa kompyuta au simu na kuzigeuza kuwa mkondo wa umeme unaopanda na kushuka kama wimbi la sauti, ili amplifaya iukuze na spika ziutoe. Mwalimu mmoja mstaafu, mkazi wa Kitale, alikiita kigeuzi alipohitaji kukinunua mwaka 2019. Jina hilo litumike hapa, hadi wenye kamusi watakapoamua vingine.

Mwalimu huyo alikuwa na amplifaya na spika mbili za mbao alizonunua mwanzoni mwa miaka ya 1990. Vyote vilikuwa vizima, ila havikuwa na tundu lolote la dijitali. Haja ilitokea Bungoma, ambako kaka yake mkubwa alikuwa amehifadhi kaseti tatu za marehemu baba yao akipiga litungu, kinubi cha Wabukusu, katika sherehe ya kijijini mwaka 1984. Mtoto wa kaka huyo, mwanafunzi wa chuo kikuu, alizihamishia kwenye kompyuta, akapanda matatu ya kupitia Webuye, Kamukuywa na Kiminini, akamfikishia baba yake mdogo mafaili hayo kwenye flashi. Sauti ya mzee haikuwa imesikika katika nyumba ya Mwalimu kwa zaidi ya miaka 30.

Bei za vigeuzi zilianzia shilingi 1,500, kwa kijiwaya kifupi cha kuchomeka kwenye simu, hadi shilingi 40,000 kwa kisanduku cha chuma chenye taa ya buluu. Fundi mmoja wa Bungoma alishikilia kwamba heshima ya mzee inadai kile cha ghali. "Mwalimu, huyu ni baba yako," alimwambia. "Utamsikiliza kwa uzi wa simu?"

Swali hilo lilikuwa zito. Hata hivyo, Mwalimu alikuwa amefundisha hisabati maisha yake yote, na hesabu ndiyo aliyoanza nayo. Philips na Sony walipoleta sahani ya CD mwaka 1982, waliamua kwamba wimbi la sauti lipimwe mara 44,100 kwa kila sekunde, na kila kipimo kiandikwe kwa biti 16, yaani ngazi 65,536. Nadharia ya Nyquist na Shannon inaonyesha kuwa kasi hiyo inatosha kurejesha kila mtetemo ulio chini ya nusu yake, hezi 22,050. Sikio changa hukomea karibu hezi 20,000. La mtu wa miaka 68 hukomea chini sana ya hapo. Biti 16 nazo huacha nafasi ya takriban desibeli 96 kati ya sauti kubwa kabisa na mnong'ono wa chini kabisa, wakati kaseti ya kawaida hutoa 50 hadi 60 tu. Kisanduku cha chuma kilijivunia vipimo 192,000 kwa sekunde na biti 24. Kwa kaseti za mwaka 1984, huko ni kubeba pipa kwenda kuchota maji yaliyo ndani ya kikombe.

Fundi hakushawishika na hesabu. Alitaka masikio yaamue, na haki yake ilikuwa hiyo. Vigeuzi viwili viliunganishwa kwa zamu katika karakana yake. Cha ghali kilishinda papo hapo, na Mwalimu mwenyewe alikiri. Kijana ndipo alipochukua mita, akapima, akagundua kwamba kisanduku kilikuwa kikitoa umeme mwingi zaidi kuliko kijiwaya. Aghalabu sikio huiona sauti iliyo kubwa kidogo tu kuwa ndiyo bora. Viwango viliposawazishwa na vifaa kufunikwa kwa kitambaa, hakuna aliyeweza kuvitofautisha. Fundi, kwa kuwa ni mtu mkweli, alicheka.

Kicheko hakikudumu. Kwa kuwa sasa walikuwa wakisikiliza kwa makini, wote walisikia jambo jingine: kila mzee alipozichapa nyuzi kwa nguvu, sauti ilipasuka, katika kigeuzi hiki na kile. Kijana alilifungua faili kwenye skrini. Vilele vya mawimbi vilikuwa vimekatwa bapa, kama ua lililopunguzwa kwa panga. Wakati wa kurekodi, alikuwa amechomeka redio ya kaseti kwenye tundu la maikrofoni na kuacha kiwango juu mno. Pale pia palikuwa na kigeuzi, kilichofanya kazi kinyume, kutoka wimbi kwenda namba; na wimbi likipita namba ya juu kabisa, huandikwa namba hiyo hiyo. Hakuna kifaa, cha bei yoyote, kinachoweza kujua baadaye lilikuwa limepanda hadi wapi.

"Baba mdogo, ni mimi niliyeikata sauti ya babu," alisema.

"Kaseti zipo?"

"Zipo kwa baba."

"Basi hujaikata bado."

Ugumu ulikuwa kwa kaka mkubwa. Kaseti zile zilikuwa zimeanza kuacha unga wa kahawia kwenye redio, na kila kuchezwa kulizila zaidi. Aliruhusu mara moja tu, nyumbani kwake, mbele ya macho yake. Kwa hiyo Mwalimu alinunua kijiwaya cha shilingi 1,500, na fedha alizokuwa ameziwekea kisanduku zikaenda kwenye kinasa sauti chenye kipimo chake cha kiwango, na kwenye kazi ya fundi ya kusafisha na kunyoosha kichwa cha redio ya kaseti. Hapo ndipo biti 24 zilipopata maana: zilimruhusu kijana kurekodi chini kabisa ya ukomo, akiacha desibeli 12 za tahadhari, bila kuizamisha sauti katika kelele.

Kaka mkubwa alibonyeza kitufe mwenyewe. Kaseti mbili zilipita salama, nyuzi zikasikika bila kupasuka. Ya tatu ilikatika kabla ya kufika nusu. Kaseti hupita kwa kasi ya karibu sentimita 4.8 kwa sekunde, na fundi alipoiunga ilimbidi kutupa sentimita tatu zilizochakaa. Lilipotea neno moja la wimbo, na kaka mkubwa analikumbuka.