Ghala Letu la Sinema

Msafiri atokaye Morogoro kwenda Dodoma hufika Dumila baada ya kilomita zipatazo 65. Basi husimama, na kabla halijatulia madirisha yake huzungukwa na wauza nyanya na vitunguu. Wengi huijua Dumila kwa dakika hizo chache tu. Mimi naijua kwa giza la ukumbi wa sinema wa familia yetu, uliokuwa nyuma ya soko.

Jengo lenyewe hatukulijenga sisi. Lilikuwa ghala la mfanyabiashara aliyehama zamani, kuta za matofali ya kuchoma, bati limeliwa na kutu. Wazee walitusimulia kwamba kwenye ukuta wake wa mbele ndiko shuka jeupe lilikotundikwa, siku gari la sinema ya serikali lilipopita enzi za mkoloni. Baadaye nilisoma kwamba kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na kituo cha kutengeneza filamu kule Vugiri, katika milima ya Usambara, na kwamba lori lilizipeleka filamu hizo vijijini kuwafundisha watu kilimo, afya na kuweka akiba. Basi maneno ya wazee hayakunishangaza tena.

Mwaka 1989 Baba aliuza ng'ombe akalinunua ghala lile. Tuliziba nyufa, tukapiga chokaa, tukabadilisha bati upande uliooza. Mlango wa mninga Mama alikataa usibadilishwe. Tukanunua jenereta, deki na televisheni moja. Wakati huo Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hata kimoja; vya kwanza vilianza mwaka 1994. Kaka yangu alishika jenereta, mimi nilirudisha kaseti nyuma, na Mama alikaa mlangoni na kisanduku cha fedha.

Baba alikuwa mfasiri. Alisimama kando ya televisheni na kuwaeleza watu kila kinachosemwa, ingawa Kihindi hakujua hata neno la kuombea maji. Alitazama nyuso, akatunga. Watu wakamwamini, na nadhani naye alijiamini.

Usiku mmoja tulionyesha Mother India, filamu ya mwaka 1957 iliyowaliza watu Afrika Mashariki nzima. Mwishoni mama yule, aliyewalea wanawe kwa jembe na njaa, anampiga risasi mwanawe mpenzi kwa sababu amemteka binti wa kijiji siku ya harusi yake. Baba alipofika hapo sauti ilimkwama. Kisha akasema, "Amejeruhiwa tu. Atapona." Watu wakashusha pumzi, wakaenda kulala.

Nyumbani Mama hakumpa Baba chakula kabla hajasema lake. Filamu ile alikwisha kuiona mjini Morogoro alipokuwa msichana.

"Mume wangu, umewadanganya watu waliolipa."

"Nimewahurumia."

"Mama yule hakuomba huruma. Umemnyang'anya kazi yake."

Kesho yake Baba aliionyesha tena bila kiingilio, akasema kweli. Nilisahau kurudisha kaseti nyuma, kwani hakuna aliyeinuka.

Miaka miwili baadaye fedha tulizoweka kwa ajili ya bati la upande wa pili zilitoweka. Aliyezichukua alikuwa kaka, akazimalizia kwenye kamari. Baba alitaka tuseme tumevunjiwa na wezi. Lakini baadhi ya fedha zile zilikuwa za majirani, waliotukopesha wakitumaini ukumbi. Mama ni Mluguru, na kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Aibu ya mwana ni aibu yake yeye na wajomba. Hata hivyo alisimama kwenye mlango ule wa mninga, watu wamejaa, akasema, "Leo hakuna sinema. Fedha zenu ameziiba mwanangu. Nitazilipa mimi." Kaka aliondoka alfajiri kwa lori. Mama alilipa kwa misimu mitatu ya mpunga, na sikumwona akilia hata siku moja. Ila kila basi liliposimama, aligeuza shingo.

Baba alifariki mwaka 2009. Wakati huo televisheni zilikuwa zimeingia majumbani, nasi tulikuwa tukiwaonyesha vijana mpira tu. Kisha Januari 2014 mafuriko yakaivamia Dumila na Magole, daraja likaharibika, na barabara kuu ya Dodoma ikafungwa. Ukumbini tope lilifika magotini. Mimi nilishauri tuuze. Tajiri mmoja alikuwa tayari kuligeuza ghala la mahindi, na kusema kweli nilikuwa nimechoka.

Siku ya nne tulimwona mtu anakuja kwa miguu, koleo begani, suruali imekunjwa. Alikuwa kaka, mvi kichwani. Hakuna aliyesema neno. Aliingia akaanza kuzoa tope. Majirani wakaja na ndoo, hata wale ambao fedha zao zilipotea. Jioni Mama alitoka na kile kisanduku cha zamani, akakifuta kwa kanga, akampa kaka mikononi. "Shika hiki," akasema. "Mimi macho yamechoka."

Hatukuuza. Leo ukumbi ni wa mpira, harusi na mikutano, na sinema huonyeshwa mara chache, kwani kila kijana ana filamu zake mkononi na huzitazama peke yake. Siwalaumu. Lakini mtu anayetazama peke yake hana wa kumwambia kwamba amedanganywa, wala hana mbele ya nani aseme, "Mwanangu ameiba, nitalipa." Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Nyumba yetu ilikaribia kuvunjika kwa ukweli uliosemwa mlangoni, na naamini ndio huo huo uliomwezesha kaka kurudi kwa mlango uleule, mchana, watu wakimwona.