Mipira Tisa hadi Kwihara

Treni iliniteremsha Tabora kabla hakujapambazuka. Kaka alikuwa amesimama chini ya taa ya stesheni, koti kalifunga hadi shingoni kwa baridi ya Julai. Mkononi alishika fimbo mbili zilizofungwa pamoja kwa ukanda wa mpira wa baiskeli.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Pole na safari. Hizi ndizo zile nilizokwambia."

Zilikuwa fimbo za gofu. Miaka kumi na tisa kaka yangu alikuwa kedi kwenye uwanja mmoja wa Dar es Salaam. Kazi ya kedi watu wengi huiona ni kubeba mfuko tu. Kweli anabeba, na sheria inamruhusu mchezaji fimbo kumi na nne, kwa hiyo mfuko si mwepesi, na mzunguko wa mashimo 18 ni mwendo wa kilomita saba na zaidi. Lakini kedi ndiye anayepima umbali kwa macho, ndiye anayenusa upepo, ndiye anayesema "piga na fimbo namba saba" na mwenye pesa zake akatii. Zaidi ya yote, kedi haruhusiwi kupoteza mpira. Ukishapaa, macho yake hayabanduki hadi uanguke, na pale ulipoangukia hupashika kwa kichaka, kwa jiwe, kwa kivuli. Siku walipopunguza makedi aliondoka na bahasha nyembamba. Mzee mmoja aliyekuwa akimbebea alimpa zile fimbo mbili, ya namba saba na ya kusukumia mpira shimoni. Mipira tisa aliiokota mwenyewe.

Mimi sikuwa nimeonana na kaka tangu mazishi ya baba. Miaka minne. Tulikuwa tunatumiana salamu kwenye simu na pesa kidogo sikukuu zikifika.

Tulipanda bodaboda hadi Kipalapala, nje kidogo ya mji, tulikokulia. Baba alikuwa mpanga herufi kwenye kiwanda cha uchapaji cha misheni, kile ambacho vitabu vyake vilizunguka nchi nzima vikiwa na herufi tatu, T.M.P. Usiku alirudi na vidole vyeusi, akatusomea kurasa zilizoharibika. Kengele ya seminari kuu ndiyo iliyokuwa saa yetu. Wakubwa walitusimulia kwamba miaka ya 1880, kabla hata Wajerumani hawajaushika mji, Mapadri Weupe walikuwa na kituo hapa cha watoto waliokombolewa utumwani. Nilipokuwa mdogo niliwaza sana kuhusu watoto wale, walivyoletwa kwa njia ile ile tuliyokuwa tukienda nayo kisimani.

Jumapili baada ya misa kaka alichukua kopo la maziwa ya unga na rula. Shimo la gofu lina upana wa milimita 108. Kopo letu lilipungua kidogo tu. Akalifukia kwenye shamba la karanga lililokwisha kuvunwa, akachomeka ubua wa mtama uwe bendera. Kisha akasema tusiishie hapo. Tupige mpira kwa njia za miguu hadi Kwihara, halafu turudi tumalizie kwenye kopo.

Pigo langu la kwanza lilichota mchanga, mpira ukabaki ulipo. La pili hivyo hivyo. Akanishika viwiko kutoka nyuma, akanipanga miguu, sauti ya chini kabisa, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, nikajua hiyo ndiyo aliyowasemeshea wageni miaka yote ile. "Usiuonee hasira. Fimbo yenyewe ina uzito, iache ifanye kazi." Mpira uliruka hatua ishirini hivi.

Zamu yake nilitegemea maajabu. Akaweka miguu vizuri, akainua fimbo, mikono ikafika usawa wa bega ikagoma. Akapiga hivyo hivyo nusu nusu, mpira ukaenda kulia ukazama kwenye mihogo. Akajaribu tena, ikawa vile vile. Alifungua kifungo cha shati akanionyesha. Begani, pale mkanda ulipokaa, ngozi ilikuwa laini na imebonyea kama mti uliofungwa kamba tangu ukiwa mchanga. "Nikiinua juu ya hapa panawaka moto," alisema. "Najua kila kitu cha mchezo huu, mdogo wangu. Mkono tu ndio haujui." Sikuwa na la kumwambia. Nilishika kola nikamfunga kile kifungo.

Tuliendelea. Mchezo wa watu wasioweza ni wa polepole mno, na upole ule ndio uliotupa nafasi. Unapiga, mnatembea hatua thelathini, mnainama majanini, na mkiwa mmeinama hivyo, kila mtu akitazama chini, maneno yanatoka. Hapo ndipo alipouliza baba alisema nini siku za mwisho. Nilimwambia. Aliuliza kama baba aliulizia habari zake. Nilimwambia hilo pia, kwamba kila jioni alikuwa akiuliza treni imefika saa ngapi. Kaka alikaa chini ya mninga kwa muda, mimi nikaendelea kupekua nyasi.

Mzee mmoja alitukuta hapo. "Mwangaluka." Tukamwitikia. Alisikia tunatafuta kitu, akaanza kutafuta nasi kwa bakora yake kabla hajauliza ni kitu gani.

Kwihara tulifika na mipira mitano. Tembe alilokaa mpelelezi Livingstone limejengwa upya, kuta nyekundu, ua katikati, milango ya nakshi ya kipwani. Stanley, mwandishi wa habari aliyemtafuta, alimwacha pale Machi 14, 1872, naye akakaa hadi Agosti 25 akingoja wapagazi watoke pwani. Miezi mitano na zaidi. Hapakuwa na safari bila mabega ya watu. Mpagazi wa Kinyamwezi alichukua frasila mbili, karibu kilo 32, na wenyewe waliionea fahari kazi ile. Kaka aliuliza habari ya waliobeba maiti ya Livingstone alipofariki. Nikamsimulia nilivyosoma: Oktoba 1873 watumishi wake, Susi, Chuma na wenzao, walifika hapa na mwili, wakamkuta Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumtafuta Livingstone. Akawashauri wauzike hapa hapa, njia ya mbele ina hatari. Wakakataa. Februari 1874 walikuwa Bagamoyo.

"Walimkatalia mzungu?"

"Walimkatalia."

Aligusa ukuta kwa kiganja. "Wao ndio walioijua njia," alisema.

Kurudi niling'ang'ania fimbo zote mbili nikazibeba mimi. Kaka akatangulia, mikono mitupu, anaitupa mbele na nyuma kama mtoto aliyetumwa dukani. Tulifika shambani jua limekwisha zama, mipira imebaki mitatu, ubua wa mtama hauonekani vizuri. Tulisukuma kwa kukisia hadi mmoja ukalia ndani ya kopo.

Nilimwambia nasikitikia ile sita iliyopotea, maana mipira yenyewe Tabora haipatikani.

"Haijapotea hata mmoja." Akanihesabia kwa vidole gizani. Mmoja kwenye mihogo, tuta la tatu. Miwili karibu na mninga, upande wa kichuguu, mmoja umeegemea mzizi. Mwingine kwenye mfereji mkavu. Wa tano chini ya mwembe wa yule mzee. Wa sita nyuma ya tembe, penye mawe.

"Uliiona inapoangukia, ukanyamaza?"

"Treni yako si keshokutwa?" alisema. "Kesho tutaanzia kwenye mihogo."