Kutoka Dadaab Hadi Bahari kwa Baiskeli

Nilipokuwa mdogo Dadaab, baiskeli ilikuwa ya kazi. Black Mamba nzito, yenye keria ya chuma, ilibeba madumu ya maji, magunia ya unga na hata mgonjwa wa kupelekwa zahanati. Kambi za wakimbizi za hapo, Ifo, Dagahaley na Hagadera, zilikuwa zimefunguliwa mwaka 1991 na 1992 kwa ajili ya watu 90,000 waliokimbia vita Somalia. Kufikia ukame na njaa ya 2011, wakazi wake walipita 400,000. Mmoja wao ni rafiki yangu, aliyeletwa Ifo akiwa mtoto mchanga. Tulijifunza baiskeli pamoja mchangani, mmoja akikanyaga pedali, mwingine ameshika keria anakimbia nyuma.

Wakati huo hakuna aliyewaza kusafiri mbali kwa baiskeli. Njia ya Garissa, yapata kilomita 100, ilikuwa mchanga na hofu ya majambazi. Magari yalisubiriana, kisha yakaondoka kwa msafara chini ya ulinzi wa polisi wenye bunduki. Mafuriko ya El Niño ya 1997 yalipokata barabara, chakula kililetwa kwa ndege. Bahari tuliisikia tu kwa wakimbizi waliohamishiwa kwetu baada ya kambi za Pwani, kama ile ya Utange, kufungwa.

Miaka ikapita. Mizigo ikahamia kwenye bodaboda na bajaji, na baiskeli ikawapata vijana wanaoipenda kwa mwendo wake. Tukaunda kikundi Garissa, tukaazimia kufika Malindi, safari ya zaidi ya kilomita 300. Tulichagua Januari kwa sababu ya kaskazi: upepo huo hukusukuma mgongoni, ilhali upepo wa kusi ungetupiga usoni njia nzima.

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri, tukavuka daraja la Tana hadi Madogo, tukashika njia ya kusini. Njia hiyo haina milima, lakini mto unaoifuata unatoka Mlima Kenya na Aberdare, na bila maji yake kusingekuwa na mashamba ya Bura wala maembe ya Wapokomo tuliyokula Hola.

Adui yetu alikuwa mathenge. Mti huo uliletwa Kenya kuzuia jangwa, ukageuka kero kwa wafugaji, na mwiba wake hupenya tairi mpaka ndani. Sheria yetu ilikuwa moja: mmoja akipata pancha, wote twashuka. Tairi linabanduliwa, tyubu inatolewa na kujazwa upepo, kisha inasogezwa shavuni polepole mpaka ngozi ihisi hewa inapotoka. Hapo panakwaruzwa kwa msasa, panapakwa gundi, panabandikwa kiraka. Kufikia saa tano jua lilikuwa haliendeki. Tulijificha kivulini, na wafugaji wa Kiorma walitukaribisha chai ya maziwa bila kutuuliza kabila.

Baada ya Garsen hewa ilianza kuwa na unyevu. Gongoni tukaona malundo meupe ya chumvi, kisha tukavuka daraja la Sabaki, na Malindi tukaingia majini na nguo zetu. Walinzi wenye bunduki hatukuwa nao. Kwa mtu aliyekulia enzi za misafara, hilo ni badiliko kubwa.

Rafiki yangu hakuwapo. Baiskeli yake ilikuwa tayari, na tyubu zetu nyingi alizikagua yeye, lakini kibali cha kutoka kambini hakikupatikana. Alituaga kwa kusema, "Nendeni salama, ndugu zangu. Karatasi ikija, nami nitakuja." Sheria ya Wakimbizi ya 2021 iliwafungulia wakimbizi milango kadhaa, lakini anayetaka kutoka eneo alilopangiwa bado huhitaji kibali. Mpango uitwao Shirika, uliozinduliwa Machi 2025, unalenga kuzigeuza kambi kuwa makazi ambamo wakimbizi na wenyeji wataishi na kuhudumiwa pamoja.

Nauunga mkono kwa moyo wote, na nawaomba wanaoutekeleza wasiishie kwenye shule na visima. Wafungue na barabara. Mtu aliyekulia na kuishi Kenya zaidi ya miaka 30 anastahili kupanda baiskeli yake, akaenda baharini, akarudi nyumbani bila kuomba ruhusa.